Kabla hujanunua mashine ya kupimia gari, soma hapa kwanza

Juzi kuna ndugu kanitumia meseji. Ana Toyota IST, taa ya injini imewaka, fundi kamwambia anunue oksijeni sensa, na yeye kashachoka kununua sensa ambazo hazimalizi tatizo. Swali lake fupi tu: "Kaka, nina laki mbili na nusu, nichukue mashine gani ya kupimia nikae nayo nyumbani?" Nikaanza kumjibu palepale kwenye simu, jibu likawa refu, nikaona bora niliweke hapa maana najua mko wengi mnaopenda kushika spana wenyewe Jumamosi uani kwenu, na mmepigwa kama alivyopigwa yeye.

Na mi najua uchungu wake kwa sababu gari yangu ni hiyohiyo, IST ya toleo la kwanza, zile za 2002 mpaka 2007, injini ya 1NZ. Silensa, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, ilikuwa inapanda inashuka, ukisimama foleni gari inatetemeka mpaka usukani, mafuta inakunywa, na taa ya injini inakutazama. Nikaipeleka gereji moja, jina nalihifadhi. Wakachomeka mashine ikatoa namba ya kosa, P0171, wakasema oksijeni sensa hiyo. Nikanunua. Wakafuta namba, taa ikazima, tukapeana mikono. Baada ya siku chache imewaka tena, nikarudi, safari hii wakasema eaflo, sensa inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Nikanunua. Ikawaka tena. Mwisho wakaniambia kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa, na bei waliyoitaja mpaka leo nikiikumbuka roho inauma. Lakini kilichoniuma kuliko hela ni kwamba mashine yao ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona kwa macho, skrini kubwa, begi lake gumu, waya za kila aina ya gari, na hakuna hata mtu mmoja pale aliyefungua laivu data, yaani vipimo vya injini vinavyobadilika papo hapo ikiwa inanguruma. Walisoma namba, wakataja spea, basi.

P0171 maana yake injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Haijasema sensa imekufa, haijasema kontrol boksi. Inaweza kuwa hewa inaingia kwa wizi kwenye hozi, inaweza kuwa pampu ya mafuta imechoka, nozeli zimeziba, eaflo chafu. Namba ni malalamiko ya mgonjwa, bado hujampima. Sasa mashine inayokupa namba peke yake inakuacha kwenye kubahatisha vilevile, tofauti ni kwamba sasa unabahatisha kwa hela yako mwenyewe.

Kwa hiyo ukienda dukani usiulize "hii inasoma magari mangapi". Uliza kama inaonyesha laivu data ya gari YAKO. Narudia, ya gari yako.

Hapo ndipo wengi tunapigwa. Vile vidude vidogo vya Bluetooth vya ELM327 vimejaa Kariakoo na bei yake inavutia, ila karibu vyote vya bei hiyo ni kopi za chipu iliyobuniwa na kampuni ya Kanada, na kopi nyingine zimepunguzwa mambo ndani. Kwa gari ya Marekani ya kuanzia 1996 au ya Ulaya ya petroli kuanzia 2001 kinaweza kukufaa vizuri tu, maana huko sheria ililazimisha magari yote yaongee lugha moja. Lakini sisi tunaendesha gari zilizotengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe. Plagi iliyo chini ya dashibodi ni ileile ya pini 16, umbo lilelile, unachomeka kinaingia vizuri na taa yake inawaka, halafu apu inazunguka weee mpaka inakwambia imeshindwa kuunganisha. Toyota nyingi za Japani za miaka hiyo zinahitaji salamu ya tofauti, yaani amri ya kwanza ya kuanzisha mawasiliano, ndio zijibu. Baadhi ya apu zina sehemu ya kuchagua Toyota ya Japani au kuandika hiyo salamu mwenyewe, na hapo unaweza kufanikiwa, ila chipu ikiwa kopi mbovu haitaelewa hata ukiiandikia. Na ukiwa na iPhone usinunue cha Bluetooth ya kawaida, hakitashika, tafuta cha WiFi au kilichoandikwa BLE, Bluetooth ile ya kutumia umeme kidogo.

Mi nilichofanya, nilikuwa na laptop ya zamani ya Windows, nikanunua waya wa Mini VCI, wa kuunganisha laptop na gari, nikaweka Techstream, ile programu ya Toyota yenyewe. Waya wa kopi huo nao una usumbufu wake, hasa draiva kwenye Windows za biti 64, utakesha nazo. Lakini siku ya kuweka inakuuliza gari ni ya soko gani, ukichagua Japani, gari inafunguka.

Sasa ngoja niwaonyeshe laivu data ilinifanyia nini, maana hapa ndipo nilipojua nilikuwa sijahudumiwa. Kuna vipimo viwili vya kurekebisha mafuta, cha muda mfupi na cha muda mrefu, vinakuja kwa asilimia, kwenye programu utaviona kama Short FT na Long FT. Unavijumlisha. Gari isiyo na tatizo jumla yake inacheza karibu na sifuri, ikizidi zaidi ya kumi hivi kwenda juu au chini jua kuna kitu. Yangu kwenye silensa ilikuwa imepita ishirini na kitu kwenda juu, yaani kompyuta inamwaga mafuta kwa nguvu kufidia hewa. Nikakanyaga mafuta nikaishikilia kwenye mizunguko 2500, namba ikaanza kushuka, kumi na kitu, nane, tano. Hapo tayari una jibu. Hewa ya wizi inaonekana sana kwenye silensa kwa sababu injini inavuta hewa kidogo, ukikanyaga inamezwa. Ingekuwa pampu au nozeli, ingezidi kupanda kadiri unavyokanyaga. Na eaflo nilikuwa nimeshabadilisha mpya, haikugusa hata asilimia moja!

Nikazima gari ikapoa, nikaanza kupapasa hozi moja moja. Ile hozi fupi ya kupumulia injini, inayotoka kwenye kava ya juu kwenda manifoldi, kwa juu nzima kabisa, kwa chini imepasuka kwa urefu, ukiibinya inafunguka kama mdomo. Kipande cha mpira. Nikaweka hozi mpya na klipu mpya, nikafuta namba mwenyewe, na mpaka leo gari imetulia, ukiweka glasi ya maji juu ya injini haimwagiki. Kontrol boksi yangu ni ileile iliyotoka nayo Japani.

Kwa hiyo ndugu yangu wa meseji, laki mbili na nusu inatosha kama una laptop, tena igawanye. Kwanza nunua maltimita nzuri, kile kipima umeme, usinicheke. Betri isome karibu 12.6 gari ikiwa imezimwa na imepumzika, ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.4, maana alteneta ikiwa dhaifu kompyuta inatoa makosa ya ajabu mpaka utabadilisha sensa zote bure. Halafu kama una laptop chukua waya kama wangu. Kama huna, tafuta mashine ya mkononi inayosoma injini, gia, ABS na eabegi na yenye Toyota ya Japani ndani, Launch wanazo za daraja hilo, bei itakutaka uongeze kidogo. Usilipie mambo ya kuprogramu funguo, hutayatumia.

Na nenda dukani na gari. Mwambie muuzaji atoke aje aichomeke mbele yako, ufungue laivu data ukanyage mafuta uone namba zinacheza. Akikataa ondoka, maduka ni mengi. Mashine isipowaka kabisa angalia kwanza fyuzi iliyoandikwa OBD. Na ukimaliza kupima chomoa, ile plagi ina umeme muda wote, kidude kikikaa wiki nzima kinaweza kukumalizia betri.

Wakati unajipanga, IST yako inaweza kusema bila mashine yoyote. Swichi ikiwa imezimwa, chukua kipande cha waya uunganishe pini ya 4 na ya 13 za ile plagi ya chini ya dashibodi, yaani ya nne safu ya juu na ya tano safu ya chini ukihesabu kutoka kushoto upande ule mpana ukiwa juu, kaa mbali na ya 16 maana hiyo ndio chanya ya betri. Washa swichi bila kupiga stata, taa ya injini itaanza kukonyeza. Ikikonyeza mbili, ikatulia, ikakonyeza tano, hiyo ni 25, ndio P0171 yako. Kama ni hiyo, anza na ile hozi fupi ya kupumulia injini, ipapase mpaka upande wa chini, kabla hujanunua chochote, na usikubali mtu afute namba kabla hujapiga picha.