Maswali ya Wasomaji: Sadaka imfikie mama kwa njia gani?

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni katibu wa kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa wilayani Kilosa. Kila mwaka tunapovunja mzunguko na kugawana hisa, tunatenga sehemu ya mfuko wa jamii kwa ajili ya sadaka. Hadi sasa tumekuwa tukinunua sabuni, sukari na pampasi, tukazipeleka wodi ya wazazi na kupiga picha pamoja na wenzetu waliojifungua. Mwaka huu mwanachama mmoja ametoa hoja kwamba fedha hizo ziwasaidie wanawake wenye fistula, kwa kuwa katika ukoo wao yupo mama aliyeishi na tatizo hilo miaka mingi kabla ya kutibiwa. Wengine wanauliza: matibabu hayo si ni bure tayari? Mchango wetu mdogo utafanya kazi gani huko, na tutajuaje kwamba umefika? — Katibu wa kikundi, Kilosa

JIBU: Ndugu Katibu, hoja ya mwenzenu ina uzito, na wale wanaouliza kama matibabu si bure wamegusa mahali penyewe. Ni kweli kwamba upasuaji wa fistula ya uzazi katika hospitali kadhaa nchini, ikiwemo CCBRT ya Dar es Salaam, hufanywa bila mgonjwa kutozwa fedha. Lakini tiba hiyo iko mbali sana na mgonjwa asiye na nauli ya basi, asiye na wa kumsindikiza, na ambaye pengine hajawahi kuambiwa kwamba hali yake inatibika.

Naomba nieleze ugonjwa wenyewe, kwa sababu wengi huusikia jina tu. Fistula hutokea pale uchungu unapochukua muda mrefu mno, pengine siku mbili au tatu, huku mtoto akishindwa kupita. Kichwa cha mtoto hukandamiza kwenye mfupa wa nyonga nyama laini zilizo kati ya njia ya uzazi na kibofu, au kati ya njia ya uzazi na njia ya haja kubwa. Damu ikishindwa kufika hapo, nyama hizo hufa, na baada ya siku chache hubaki tundu linalopitisha mkojo au kinyesi bila mama kuweza kujizuia. Mara nyingi mtoto naye huwa amekwishafariki. Mama anarudi nyumbani mikono mitupu, anachana kanga kuukuu vipande vipande ili ajisitiri, anaacha kupanda magari ya abiria kwa kuogopa kunyanyaswa, haonekani tena msibani wala harusini, na majirani wanaanza kunong'ona kwamba amerogwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu, UNFPA, linakadiria kwamba wanawake na wasichana wapatao 500,000 duniani wanaishi na hali hii, hasa Afrika kusini mwa Sahara na Asia. Katika nchi tajiri ugonjwa huu umekuwa adimu kabisa, kwa kuwa mama mwenye uchungu pingamizi hufanyiwa upasuaji mapema.

Sasa tazameni kazi ya fedha ndogo. Mwaka 2009 CCBRT ilianza kutuma nauli za wagonjwa wa fistula kwa M-Pesa. Balozi wa fistula, ambaye anaweza kuwa muuguzi wa zahanati, mhudumu wa afya ngazi ya jamii au mwanamke aliyewahi kutibiwa, akimpata mgonjwa huwasiliana na hospitali. Nauli hutumwa kwenye simu ya balozi, naye humkatia mgonjwa tiketi ya basi, na mgonjwa akishafika balozi hupewa kifuta jasho. Kiasi kinachomtoa mwanamke kijijani hadi kwenye kitanda cha hospitali ni kiasi ambacho kikundi kama chenu kinaweza kukimudu, na ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani kwamba mchango wenu utapotea kama tone baharini.

Ningependa hata hivyo msiishie kwa aliyekwishaumia. Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walionyesha kwamba mama mjamzito hupoteza maisha kwa kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kwenda kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Hizo mbili za mwanzo ziko kijijini kwenu, na nyinyi wa Kilosa mnajua wenyewe jinsi masika yanavyokata barabara. Tanzania ina mpango wa m-mama, ambao kwa simu ya bure namba 115 humtafutia mama mwenye dharura gari la wagonjwa, na lisipokuwapo humtafutia dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa nauli yake kwa simu. Je, kila mwanachama wenu ameihifadhi namba hiyo, na je, wakwe na waume wanaoamua lini mama atoke nyumbani wanaijua? Kuieneza hakutawagharimu fedha. Fedha mnaweza kuzitumia kuweka akiba ya dharura, itakayomlipia mama usafiri hadi mahali gari linapoweza kufika, ikishikwa na watu wawili na kuandikwa kwenye daftari kama mnavyoandika mikopo.

Kuhusu kufika kwa mchango, fuateni utaratibu uleule mnaoutumia kulinda hisa zenu. Hospitali ya serikali itawapa namba ya kumbukumbu ya malipo. Shirika lisilo la kiserikali liwe limesajiliwa na Msajili, na akaunti iwe kwa jina la taasisi. Yeyote anayewaomba mtume kwenye namba yake binafsi ya simu, hata akiwa na maneno matamu kiasi gani, mkatalieni. Andikeni kwamba fedha ni za nauli za wagonjwa wa fistula, ombeni stakabadhi, na baada ya miezi michache ulizeni zilivyotumika.

Wodi ya wazazi msiiache, ila kabla ya kununua chochote muulizeni muuguzi mkuu wa wodi kinachopungua. Huenda akawatajia glovu, mipira ya kulalia, pamba na vibanio vya kitovu, vitu ambavyo mama asiye navyo hujikuta akivihangaikia huku uchungu umekwishamshika. Zile picha nawaomba mziache. Mwanamke aliyejifungua saa chache zilizopita hana nguvu ya kumkatalia aliyemletea sabuni, na uso wake ukishasambaa kwenye simu za watu hana namna ya kuurudisha.

SWALI: Assalaam alaykum. Familia yetu inaishi Muscat, lakini bibi yetu alizaliwa Kasongo, na habari za vita mashariki ya Kongo zinatuumiza sana. Tumepanga kununua makatoni ya maziwa ya kopo na nguo za watoto tuwapelekee kina mama waliokimbia makazi yao. Tuanzie wapi? — Msomaji, Muscat

JIBU: Wa alaykumu s-salaam. Mwenyezi Mungu awalipe kwa nia hiyo, lakini maziwa nawasihi msiyapeleke. Kopo la maziwa linahitaji maji safi, kuni au mkaa wa kuyachemshia, chombo kisafi, na makopo mengine ya kuendelea nayo kwa miezi mingi, na kambini vyote hivyo ni shida. Mama huyapunguza makali kwa maji ili yamfikishe wiki ijayo. Mtoto hunyonya kidogo, na maziwa ya mama yake nayo hupungua. Kopo likiisha, mtoto hana maziwa ya kopo wala ya mama. Baada ya tetemeko la ardhi la Yogyakarta, Indonesia, la Mei 2006, watafiti waliona kwamba miongoni mwa watoto wadogo waliopewa maziwa ya msaada, kuhara kulikuwa zaidi ya mara mbili ya kulikoonekana kwa wasiopewa. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lina kanuni za kuzuia utangazaji na ugawaji holela wa maziwa hayo. Mtoto aliyefiwa na mama huyahitaji kweli, na huyo hupewa na wahudumu wa lishe wanaomfuatilia mmoja mmoja.

Anayemlisha mtoto mchanga ni mama, basi alishwe mama. Fedha zenu zikiwafikia wanaofanya kazi hukohuko zitanunua unga, maharage, maji na nguo kwa wafanyabiashara wa Kongo wenyewe, nao pia wana watoto, na gharama ya kusafirisha makatoni itageuka chakula. Upo mfuko wa UNICEF, na ipo Hospitali ya Panzi ya Bukavu, iliyoanzishwa na Dkt. Denis Mukwege mwaka 1999. Yeye alikusudia kuwahudumia wazazi, lakini vita vilimletea wanawake waliobakwa na kujeruhiwa, na kazi ya kuwatibu ndiyo iliyompa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2018, pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Panzi hutibu pia fistula.

Kiasi kidogo cha kila mwezi ni bora kuliko kikubwa cha mara moja, kwa sababu hospitali hulipa mishahara na dawa kila mwezi. Hospitali ya fistula ya Addis Ababa, iliyofunguliwa mwaka 1974 na madaktari Catherine na Reginald Hamlin, imeendelea kwa michango ya namna hiyo na kutibu wanawake zaidi ya 60,000. Mmoja wa wagonjwa wao, Mamitu Gashe, alibaki hapo akajifunza kazi hadi akawa mpasuaji. Jambo moja la tahadhari: toeni mali ya familia yenu, kwani kukusanya michango kwa umma nchini Oman kunahitaji kibali cha Wizara ya Maendeleo ya Jamii.

SWALI: Mimi ni kijana wa bodaboda, sina fedha ya kutoa. Nawezaje kusaidia? — Msomaji, Tabora

JIBU: Changia damu. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni moja ya sababu kubwa zaidi za vifo vya uzazi duniani, ambavyo kwa jumla mwaka 2023 vilikadiriwa kufikia 260,000. Tanzania imepiga hatua ya kutia moyo: vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015-16 vilishuka hadi 104 katika ule wa 2022. Hata hivyo mama anayevuja damu huhitaji chupa iliyokwishapimwa na kuwekwa tayari, kwa kuwa hana muda wa kusubiri ndugu watafutwe. Damu haikai kwenye jokofu zaidi ya wiki chache, hivyo wachangiaji wa kila mara ndio wanaotegemewa. Mwanamume mwenye afya njema, mwenye umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu. Mwanamke kila baada ya miezi minne. Kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Magharibi kipo hapohapo Tabora. Kula vizuri na kunywa maji ya kutosha kabla ya kwenda, na siku hiyo mpe mwenzako pikipiki ashike usukani hadi kesho yake.