Fundi, gemu inaanza vizuri halafu inachoka

Fundi assalamu alaykum. Mie nipo Machomane, Chake Chake. N'na laptopu ya mkono wa pili, prosesa Core i5, rami (kumbukumbu ya muda) 4GB, haina kadi ya grafiksi ya peke yake, skrini 1366 kwa 768. Nnacheza PES 2017, ile gemu ya mpira. Nikiwasha tu gemu inateleza vizuri, ikifika dakika kumi, kumi na tano hivi, wachezaji wanaanza kukimbia kama wako ndani ya tope, kipa anaruka mpira ushalala wavuni zamani. Nimeshusha kila kitu kwenye setingi, wapi! Rafiki yangu anasema ninunue rami, na kuna duka wameniuzia programu ya kuongeza kasi ya magemu, elfu kumi yangu imekwenda na gemu ni ile ile. Nifanyeje?
Mgonjwa wa PES, Chake

Wa alaykum salaam mdogo wangu. Jibu umelileta mwenyewe ndani ya swali ila hukuliona. Umesema nikiwasha tu inateleza. Sasa kama setingi zingekuwa nzito kuliko mashine si ingekwama toka kipenga cha kwanza? Kitu kinachoanza na nguvu halafu kikachoka baada ya robo saa, mara nyingi hilo ni joto. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, ikipata moto sana inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, nyingi za Intel za laptopu zinaanza kujibana zikikaribia nyuzi 100, na hapo hata ushushe grafiksi mpaka wachezaji wawe hawana nyuso hupati kitu cha maana.

Na hilo tope lina sababu yake. Ili picha iwe laini kwenye skrini ya kawaida mashine inatakiwa itoe fremu, yaani picha moja moja, 60 kwa sekunde, yaani kila fremu imalizwe ndani ya milisekunde 16 na kidogo. Gemu nyengine ikishindwa inaruka fremu, unaona picha inakatakata. PES inapunguza mwendo wa mechi nzima, ndo mana mpira wako unakwenda kwa hisani.

Usiniamini hivi hivi, pima. Cheza mpaka tope lianze, halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, itafunguka Task Manager, ingia Performance, tazama CPU, ndiyo hiyo prosesa, pale palipoandikwa Speed. Mwanzo wa mechi pengine inasoma 2.5 GHz au zaidi, ukiikuta imeporomoka mpaka chini ya 1 na wewe bado umo kwenye gemu basi umeshamkamata mwizi.

Kaskazi iliyopita nililetewa laptopu kutoka Wete, maradhi haya haya. Nikafungua mfuniko wa chini, kwenye yale mapezi ya kupozea mbele ya feni kuna utando wa vumbi na nyuzi za godoro umeshikana mzito kama kipande cha blanketi, nikaubandua kwa kibanio ukatoka mzima mzima, na katikati yake limo konyo la karafuu. Kumuuliza mwenyewe, ati yeye anachezea kitandani, dirisha wazi, na nje zimeanikwa karafuu. Laptopu nyingi zinavuta hewa kwa chini yakhe! Ukiilaza juu ya godoro umeiziba pua.

Kwa hiyo kwanza isafishe. Izime, toa betri kama inatoka, fungua chini, zuia feni kwa kidole isizunguke ovyo unapopuliza, toa huo uchafu. Kama ina miaka mingi mwambie fundi abadilishe na pesti ya kupozea iliyopo juu ya prosesa, na nasema pesti ya kupozea, sio dawa ya mswaki, maana nishayaona hayo pia. Ukicheza iweke mezani, inyanyue nyuma kwa vifuniko viwili vya chupa ya maji, feni ya chumbani ielekee huko huko. Na chaja iwe imechomekwa, kwenye betri laptopu nyingi zinabana nguvu zenyewe, umeme ukikatika usiilaumu gemu.

Halafu ipo setingi moja watu wengi hawaijui, na haimo kwenye gemu. Nenda Control Panel, Power Options, ingia kwenye zile setingi za ndani za mpango unaoutumia, tafuta Processor power management, fungua Maximum processor state. Imeandikwa 100. Tia 99. Utaona kama nakutania, unataka kasi mie nakwambia punguza, lakini hiyo moja ikitoka prosesa nyingi za Intel zinaacha ule mwendo wa kupandisha kasi ghafla ambao ndio unaoleta moto mkali, kwa hiyo badala ya kupaa dakika kumi na kuanguka inakwenda mwendo mmoja mechi nzima. Msimu huu wa joto mie ya kwangu ipo 99 mpaka kusi ikianza kuvuma.

Hapo sasa ndio uje kwenye grafiksi, na usishushe vyote kwa mpigo maana hutojua kipi kimesaidia. Badilisha kimoja, cheza mechi moja, rudi. PES setingi zake za picha ziko nje ya gemu, kuna kifaili kinaitwa Settings humo humo kwenye folda yake. Anza na resolusheni, yaani idadi ya nukta za picha. 1366 kwa 768 ni nukta zaidi ya milioni 1 ambazo mashine inazichora upya kila fremu, ukitia 1280 kwa 720 zinabaki kama laki 9 na elfu 20, na kwenye gemu inayokubali 1024 kwa 576 ni chini ya laki 6. Picha inakuwa na ukungu kidogo lakini unacheza. Kwenye magemu mengine, baada ya resolusheni vunja vivuli, vivuli vinakula sana, halafu ule ulainishaji wa kingo, wenyewe wanauita anti-aliasing. Ubora wa picha za jezi na nyasi ndio wa mwisho kugusa.

Kuhusu rami, rafiki yako hajakosea kabisa. Grafiksi yako haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye hiyo hiyo 4GB ambayo Windows nayo inaitaka. Ukiongeza kipande cha pili cha 4GB unapata nafasi, na mashine inasoma vipande viwili kwa pamoja, grafiksi za aina hii zinafaidika kweli. Ila tazama kwanza kama kuna tundu la pili, na kama rami yako ni ya aina ya DDR3 au DDR4, haziingiliani. Na safisha kabla hujanunua.

Hiyo programu ya elfu kumi, nyingi za namna hiyo zinafunga tu programu zinazokwenda chinichini, kazi ambayo wewe unaifanya bure kwenye Task Manager. Ifute.

Fundi, mwanangu wa skuli anacheza Minecraft kwenye kompyuta ya babaake, kila akitembea inaganda, yeye analia mie naumwa kichwa.
Mama wa Mkunazini

Pole dada. Mwambie afungue Options, Video Settings, atafute Render Distance, hicho ndicho kiasi cha ulimwengu kinachochorwa kumzunguka. Akiwa na 12, gemu inashughulikia viwanja 25 kwa 25, yaani 625, kila kimoja matofali 16 kwa 16. Akishusha mpaka 6 ni 13 kwa 13, vinabaki 169. Milima ya mbali itapotea kwenye ukungu, atazoea. Grafiksi pia atoe Fancy atie Fast. Kichwa meza panadoli.

Nnacheza mtandaoni hapa Jang'ombe, nimeshusha setingi zote lakini naona adui ananipiga mie nishajificha nyuma ya ukuta. Fremu ninazo 60 kamili.

Kama fremu 60 zipo basi rudisha grafiksi zako juu ufurahi, tatizo lako liko njiani. Ujumbe wa kwamba umejificha unasafiri mpaka kwenye seva, ile kompyuta inayoendesha mchezo wenu, ndio urudi, na ikiwa seva ipo Ulaya unakwenda na kurudi kilomita elfu kumi na kitu. Tazama kwenye gemu kama inakuruhusu kuchagua eneo, magemu ya kampuni ya Valve kwa mfano, kama Counter-Strike, yana seva Johannesburg, jaribu hizo na Ulaya halafu linganisha namba ya pingi, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi, ndogo ndiyo nzuri. Acha waifai tumia waya kama ruta ipo karibu. Na uliza nani nyumbani anashusha tamthilia saa hizo hizo unazocheza.