Kuvuta bonge la damu kwenye aorta kupitia kinena: kwa wanaoanza kazi ya upasuaji

Mgonjwa akiletwa dharura miguu yote miwili imepooza ghafla, usimwandikie picha ya uti wa mgongo kabla hujamgusa kinena. Hapo ndipo saa nyingi hupotelea. Bonge la damu likitoka moyoni na kukwama pale aorta, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, inapogawanyika, karibu na usawa wa kitovu, miguu yote hukosa damu kwa pamoja, na neva ndizo huumia kwanza. Ganzi na kupooza huwafanya watu wafikirie mgongo au kiharusi. Weka vidole kinena cha kulia, kisha cha kushoto. Mapigo yakikosekana pande zote mbili na miguu ni ya baridi, mwite daktari wa mishipa papo hapo. Kwa ngozi nyeusi weupe hauonekani kirahisi, kwa hiyo tazama nyayo na kucha, na upime joto kwa mgongo wa kiganja chako.

Saa ya kuandika kwenye faili ni ile maumivu yalipoanza. Misuli huvumilia takriban saa 6 bila damu, na mtu aliyetoka Machakos akakwama kwenye foleni ya Mombasa Road amekwisha kutumia sehemu yake.

Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hutolewa mapema, uniti 80 kwa kila kilo ya uzito, kwenye mshipa. Lakini uliza kwanza kuhusu maumivu makali ya kifua au mgongo, na upime presha mikono yote miwili. Ukuta wa aorta ukiwa umechanika kwa ndani, mgonjwa huweza kuja na miguu ya namna hiyohiyo, na heparini au katheta (bomba la kuvutia bonge) inaweza kumwua. Ukishuku hilo, CT ya mishipa hutangulia.

Kifaa chenyewe ni katheta ya Fogarty, bomba jembamba lenye puto nchani: hupitishwa puto likiwa tupu hadi ng'ambo ya bonge, puto likajazwa, kisha likavutwa pamoja na bonge. Thomas Fogarty aliibuni Marekani, na ilianza kutumiwa kwa wagonjwa mwaka 1961. Kabla ya hapo bonge la aorta lilimaanisha kupasua tumbo. Sasa vinena viwili na dawa ya ganzi vinaweza kutosha. Hesabu ganzi mapema: kwa lignokeini ya asilimia 1, miligramu 3 kwa kilo, mtu wa kilo 60 anapata mililita 18, nazo ni za vinena vyote viwili. Ukimaliza 15 upande wa kulia, kushoto utamtesa. Namba za katheta ni theluthi za milimita, yaani namba 3 ina unene wa milimita 1. Kwa aorta andaa namba 5 au 6, kwa mapaja na magoti 3 au 4.

Muuguzi ajaze puto ndani ya bakuli la salini, atoe hewa yote, na aangalie kama linavuja. Kipimo cha juu kimeandikwa kwenye katheta, usikizidishe. Laza katheta juu ya tumbo kutoka kinena hadi juu kidogo ya kitovu, uone ni alama ipi itakuwa usoni pa ngozi.

Ateri ikishafunguliwa, klempu (kibanio cha ateri) ya upande wa pili ifungwe kabla hujavuta, la sivyo kipande kitavuka na kuteremkia mguu ule mwingine. Sasa jambo ambalo wanaoanza hulikosea zaidi: anayevuta katheta ndiye ashike sirinji. Aorta ni pana, kwa hiyo puto huwa kubwa huko juu; likiingia kwenye ateri ya nyonga njia hubana, na kidole gumba kinapaswa kulegeza sirinji sekunde ileile mkono unapohisi mkwaruzo. Msaidizi akishika sirinji hahisi kitu, naye mvutaji huongeza nguvu. Hivyo ndivyo utando wa ndani unavyokwanguliwa, ateri ikachanika, au puto likapasuka.

Bonge jipya hutoka jekundu-jeusi kama ini, laini. La zamani ni la kijivu na gumu. Litandaze kwenye gozi uliangalie. Ncha ya mviringo iliyo laini inatia moyo. Iliyokatika kwa mparuzo ina mwenzake aliyebaki. Rudia hadi mara mbili katheta itoke bila kitu na damu iruke kwa nguvu. Kisha pitisha katheta ndogo kuelekea miguuni. Damu kurudi kutoka chini haithibitishi kwamba njia iko wazi, kwa kuwa mishipa ya pembeni huirudisha pia. Piga picha ya mishipa ikiwezekana. Peleka bonge maabara, maana huenda ni kipande cha uvimbe wa moyoni.

Mwambie daktari wa nusukaputi kabla ya kufungua klempu, na ufungue mguu mmoja mmoja. Potasiamu na asidi zilizojikusanya miguuni hukimbilia moyoni. Kalsiamu iwe tayari kwenye sirinji. Wodini, mkojo wa rangi ya soda nyeusi ni misuli inayoyeyuka, basi ongeza maji. Nyoosha vidole vya miguu kila saa: maumivu makali kwenye shavu la mguu lililokaza yanahitaji kupasuliwa vyumba vyote 4 vya misuli usiku uleule, hata kama mapigo ya unyayo yapo.

Heparini huendelea, na moyo hupigwa eko (picha ya mawimbi ya sauti) kabla mgonjwa hajaruhusiwa. Hapa kwetu vali iliyobana kwa homa ya baridi yabisi ya utotoni ni chanzo cha kutafutwa. Kwa hao wenye mapigo yasiyo na mpangilio, warfarini, dawa ya kumeza ya kuzuia damu kuganda, ndiyo dawa, INR (kipimo cha kasi ya damu kuganda) ikishikiliwa kati ya 2 na 3. Rivaroxabani, dawa mpya zaidi ya kazi hiyohiyo, ilionekana mbaya zaidi kwa wagonjwa hao katika utafiti wa INVICTUS wa 2022. Mwandikie tarehe ya kliniki ya kwanza ya INR kabla hajavaa viatu.