Je, tunaiamini Biblia kwa sababu tu Biblia yenyewe imesema?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mwenzangu kazini aliniuliza kwa nini sisi Wakristo tunaamini kwamba Biblia imevuviwa na Mungu, yaani maneno yake yametoka kwake. Nikamsomea 2 Timotheo 3:16, akacheka: "Yaani kitabu kinajitolea ushahidi chenyewe?" Akaongeza kwamba kama ni maneno ya Mungu, mbona ni barua za akina Paulo? Nilikosa la kusema. Naomba msaada.

JIBU: Amina, ndugu yangu. Mwenzako ameuliza vizuri, wala usimwone ni mpinzani.

Nianze na hilo la pili, maana hapo ndipo wengi wetu tunajichanganya. Hatufundishi kwamba Mungu aliwasomea waandishi imla, neno kwa neno, wao wakabaki kushika kalamu tu. Barua hiyohiyo isemayo "kila andiko, lenye pumzi ya Mungu," isogeze mbele sura moja tu, hadi 4:13. Paulo yuko kifungoni, anamwomba Timotheo amletee joho aliloliacha kwa Karpo kule Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Kwa Wakorintho anaandika kwamba hakubatiza mtu kwao ila Krispo na Gayo; kisha anakumbuka, kumbe aliwabatiza na watu wa nyumbani mwa Stefana, na zaidi ya hao hajui kama kuna mwingine (1 Wakorintho 1:14-16). Luka naye anasema wazi kwamba alizifuatilia habari zake kwa uangalifu kabla ya kuandika. Petro anaeleza jinsi mambo hayo mawili yanavyokaa pamoja: "wanadamu walinena yaliyotoka kwa Mungu, wakiongozwa na Roho Mtakatifu" (2 Petro 1:21). Ni wanadamu kweli, wenye baridi na usahaulifu wao, na Mungu akasema alichotaka kusema.

Sasa kuhusu ushahidi. Ni kweli, andiko kujiita la Mungu hakutoshi. Kitabu chochote kinaweza kujiita hivyo. Sisi tunaanzia kwa Yesu. Paulo, akiandika miaka ishirini na kitu tu baada ya msalaba, anataja waliomwona Yesu amefufuka: Kefa (yaani Petro), wale Thenashara, ndugu zaidi ya 500 ambao wengi wao walikuwa bado hai, na Yakobo (1 Wakorintho 15). Kwa hatua hii huhitaji kwanza kukubali kwamba barua ile imevuviwa; ipime kama ushuhuda wa kale unavyopimwa. Ukishawishika kwamba Yesu alifufuka, basi neno lake juu ya Maandiko lina uzito wa pekee.

Na alisemaje? Fungua Mathayo 19:4-5. Yesu ananukuu, "mtu atamwacha babaye na mamaye," na anasema aliyeyasema hayo ni Muumba. Rudi Mwanzo 2:24 uone: pale si Mungu anayenena, ni msimulizi wa habari. Kwa Yesu, alichoandika msimulizi Mungu amekisema. Mstari huu mimi naona una nguvu kuliko ule uliomsomea mwenzako.

Agano Jipya lilikuwa bado halijaandikwa, lakini Yesu aliwaahidi mitume kwamba Roho atawafundisha yote na kuwakumbusha aliyowaambia (Yohana 14:26). Ndiyo maana 2 Petro 3:16 inazitaja nyaraka za Paulo pamoja na "maandiko mengine". Askofu Athanasio wa Aleksandria alipoorodhesha vitabu 27 vya Agano Jipya mwaka 367, vingi vyake vilikuwa vimesomwa makanisani kwa vizazi.

Unabii nao una nafasi yake, hasa Isaya 53, juu ya mtumishi anayeteswa kwa ajili ya wengine, ambaye sisi Wakristo tunaona ni Yesu. Gombo la Isaya lililopatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, mwaka 1947 lilinakiliwa kabla ya Kristo kuzaliwa, kwa hiyo hakuna wa kusema Wakristo waliitunga sura ile baadaye. Ila usilitumie gombo hilo kuthibitisha uvuvio. Linathibitisha umri wa andiko na uaminifu wa wanakili, basi.

Tena kuna ushuhuda wa Roho moyoni mwa anayesoma. Huo ni wa kweli, na waumini wengi wanasimamia hapo, lakini huwezi kumkabidhi mtu mwingine mkononi. Kwa hiyo mwenzako mpe Injili ya Marko, sura 16 tu, aisome mwenyewe, halafu mzungumze kwanza juu ya Yesu ni nani. Lile la 2 Timotheo mtalifikia baadaye.