Lala Les Eyzies siku nne, gari liache: niliyojifunza katika bonde la Vézère

Mara ya kwanza nilipokwenda bonde la mto Vézère, lenye mapango ya michoro ya kale, kusini-magharibi mwa Ufaransa, nilikodi gari nikataka kumaliza kila kitu kwa siku moja. Saa nne asubuhi niko Montignac, saa saba niko kwenye ngome, saa tisa kwenye pango, saa kumi na mbili barabarani narudi. Simu ilijaa picha, lakini usiku ule mwenzangu aliponiuliza nimeona nini, nilishindwa kumwelezea hata kitu kimoja vizuri. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeitamani safari ile kwa miaka.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, nikarudi kwa treni. Kutoka mji wa Périgueux ni kama nusu saa hivi. Nikashuka stesheni ndogo ya Les Eyzies na begi la mgongoni, nikapanga chumba, nikalala hapo siku nne. Tangu hapo kila anayeniuliza namwambia hivyo hivyo: chagua kijiji kimoja, kaa, tembea kwa miguu.

Les Eyzies ni kijiji kilichobanwa kati ya mto na jabali. Jabali lenyewe limeinama juu ya mapaa, na ziko nyumba ambazo ukuta wake wa nyuma si matofali, ni mwamba. Mwaka 1868 vibarua waliokuwa kwenye ujenzi walikuta mifupa ya watu chini ya mwamba mmoja hapo kijijini. Mahali hapo paliitwa Cro-Magnon, na jina hilo ndilo likaenda duniani kote kuwataja watu wa kale wa Ulaya waliokuwa na umbo kama letu. Leo ni kona ya njia tu. Unaweza kuipita umebeba mkate wako bila kujua. Simama.

Anza na Font-de-Gaume. Kutoka katikati ya kijiji unafika kwa miguu kabla hujachoka. Pango hili lilitambuliwa mwaka 1901, na mmoja wa waliolitambua ni Denis Peyrony, mwalimu wa shule ya hapo hapo. Ni miongoni mwa mapango machache sana ya Ufaransa yenye michoro ya rangi nyingi ambako bado unaingizwa kwenye pango halisi. Wanaingia watu wachache kwa siku, kwa vikundi vidogo, na mwongozaji yuko nanyi muda wote. Kwa hiyo tiketi itafute wiki kadhaa kabla ya kusafiri. Ukisubiri ufike ndipo uulize, wakati wa kiangazi utaambiwa zimekwisha. Mabegi hayaingii, picha hazipigwi, na ndani kuna baridi hata kama nje jua linawaka, basi vaa sweta.

Nikueleze nilichokiona. Tulipita sehemu nyembamba mno, bega moja mbele jingine nyuma, kisha mwongozaji akasimama na kuzima taa. Alipoiwasha tena aliishika chini, pembeni, mwanga ukaparaza ukuta. Kwanza niliona mwamba tu. Halafu mgongo ukajitokeza, nundu, kisha jicho: baisani, yule nyati mwenye manyoya wa nchi za baridi, na tumbo lake ni uvimbe wa mwamba wenyewe. Mchoraji hakulichora tumbo, alilikuta pale, akalizungushia mnyama. Mbele kidogo wako wawili wa jamii ya kulungu, wale wa pembe ndefu wa kaskazini. Mmoja ameinamisha kichwa anamlamba mwenzake paji la uso. Mwongozaji alipitisha mwanga juu ya ulimi ule polepole, mara mbili. Hakuna aliyesema neno.

Mimi nimekulia Kondoa, Tanzania, na michoro ya Kolo nimeiona tangu utotoni, ile ya rangi nyekundu kwenye miamba iliyo wazi, upepo unaipita na jua linaifikia. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na mapango ya Vézère yaliwekwa mwaka 1979. Nikiwa Font-de-Gaume nilikumbuka wazee wetu wakitukataza kumwagia maji michoro ili ionekane vizuri kwenye picha. Huku Ufaransa walijifunza somo hilo hilo kwa hasara. Lascaux, pango la michoro lililo Montignac, lililogunduliwa na vijana wanne Septemba 1940, lilikuwa likipokea watu zaidi ya elfu moja kwa siku. Pumzi zao na joto la miili yao vikaanza kuziharibu kuta, mwani wa kijani ukaota, na mwaka 1963 pango likafungwa kwa umma. Haliingiliki hadi leo. Unachokiona Montignac ni nakala, na ile kubwa ya sasa ilifunguliwa Desemba 2016.

Je, nakala inafaa? Inafaa, hasa kama una watoto, kwa sababu kuna nafasi, kuna maelezo, na mafahali wale wakubwa wanatisha kweli. Ila usianze nayo. Ukianza na nakala, pango halisi litakuonekania dogo na hafifu. Ukianza na pango halisi, nakala itakusaidia kuelewa ulichokiona.

Siku ya pili au ya tatu nenda ngome ya kale ya Commarque kwa miguu. Nunua ramani ya matembezi ya IGN, shirika la ramani la taifa, ile ya kipimo cha 1:25,000, maana simu inapoteza mtandao bondeni. Njia fupi za eneo zina alama ya mstari wa njano kwenye miti na mawe, na njia ndefu za kitaifa zina mweupe juu ya mwekundu. Ukiona mistari imekatana msalaba, hiyo si njia yako, rudi. Njia inafuata bonde la kijito cha Beune, chini ya mialoni, na kuna sehemu ardhi ni kinamasi. Mimi nilivaa raba za mjini nikafika nimelowa hadi vifundoni. Vaa viatu vinavyoshika. Kama ni majira ya kupukutika majani au baridi, vaa na kitu cha rangi kali, kwa sababu ni msimu wa wawindaji.

Kisha msitu unafunguka na ngome iko mbele yako, juu ya mwamba, nusu imebomoka. Haikuwa nyumba ya bwana mmoja. Familia kadhaa za makabaila ziliishi humo bega kwa bega, kila moja na jengo lake. Panda hadi juu ya mnara. Ng'ambo ya bonde utaona kasri la Laussel, na karibu na hapo ndipo mwaka 1911 ilipopatikana sanamu ya mwanamke aliyeshika pembe yenye chale kumi na tatu. Yeye mwenyewe yuko makumbusho ya Bordeaux. Hapo jirani pia kuna Cap Blanc, farasi waliochongwa kwenye mwamba wakatokeza kama wanataka kutembea. Nilikaa juu ya mnara ule karibu saa nzima nikila jozi na jibini, na sikupiga picha.

Sasa mambo madogo yatakayokutesa usipoyajua. Vijijini, kuanzia saa sita mchana hadi saa nane maduka mengi yanafungwa, na mikahawa mingi ikishafunga jiko hakuna wa kukupikia hadi jioni. Nilishinda na njaa mchana mzima kwa kutolijua hilo. Nunua mkate asubuhi. Makumbusho mengi ya taifa hufungwa Jumanne, kwa hiyo angalia kabla hujapanga siku ya Makumbusho ya Historia ya Kale yaliyo hapo kijijini. Jumanne hiyo nenda gulio la Le Bugue, ni karibu kwa treni. Chakula cha huko ni bata, bata bukini na nguruwe kwa wingi, na anayekula halali ajipange mapema. Mimi niliishi kwa mayai, jibini, matunda na jozi za hapo hapo, na sikupungukiwa.

Na salamu. Ukiingia dukani ukaanza kuuliza bei bila kusema bonjour, ni sawa na kuingia kwa mtu bila hodi. Watakujibu kwa ubaridi nawe utadhani ni kwa sababu ya rangi yako. Pengine mara nyingine ni hivyo kweli, siwezi kukudanganya. Lakini nilipoanza kusalimu kwanza, tena na bibi mkubwa aliyekaa mlangoni, mambo yalibadilika. Siku ya tatu mama muuza mkate aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tanzania, karibu na miamba yenye michoro. Akaacha kufunga mkate, akaniambia nimwonyeshe. Nikatafuta picha za Kolo kwenye simu, wateja wawili nyuma yangu wakasogea nao wakatazama.