Uwanja wa Mtaani Hujengwa kwa Pesa Gani?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mtaani kwetu Mombasa twachezea vumbi, magoli ni boriti za mikoko. Kila uchaguzi twaahidiwa uwanja wenye taa. Pesa zake hutoka wapi? – Kocha wa watoto

JIBU: Marahaba, kocha. Kwa Katiba ya 2010, viwanja vya mitaani ni kazi ya kaunti. Ahadi ya jukwaani haijengi kitu mpaka iandikwe kwenye bajeti. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, makadirio Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Sheria yataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, lakini hapo mwagombania na barabara na zahanati. Basi jazeni vikao vya maoni ya wananchi. Sisi tulikwenda kumi na wawili. Mmoja wetu akatoa mfukoni kiatu cha mtoto kilichobanduka soli, akakiweka mezani mbele ya maafisa. Mradi ukaingia.

Ila anzeni na hati ya kiwanja. Mkandarasi wetu alifika na tingatinga, akakuta ardhi ina jina la mtu.