Bitcoin ni za familia, ila ufunguo unao peke yako

Kaka mmoja wa Kimara, Dar, ana mke na watoto wawili, kaniandikia hivi: "Shikamoo Anti. Toka 2020 kila nikipata mshahara nanunua bitcoin, zile sarafu za kidijitali, kidogo kidogo na sijawahi kuuza. Mke wangu alikua hajui, kajua mwezi uliopita nilipokataa kutoa hela ya kiwanja Kibaha. Sasa hatuongei. Yeye anasema nimemficha, mi nasema nawawekea watoto urithi. Na ada ya mkubwa bado hatujamaliza, tunabishana kila siku. Nafikiria nichukue mkopo kazini niongeze nyingine kabla bei haijapanda. Nifanyeje ili anielewe?"

Marahaba mwanangu.

Kwanza sikuoni mjinga, na wala sikuambii uuze zote. Hesabu yako naielewa, bitcoin haziwezi kuzidi milioni 21, na kila baada ya kama miaka minne zile mpya zinapungua nusu, mwezi wa nne 2024 zilishuka kutoka 6.25 hadi 3.125 kwa kila bloku, yaani kila kundi la miamala linaloandikwa kwenye daftari lake, na hakuna kiongozi yeyote anayeweza kuamka asubuhi akaziongeza. Mtu akiona shilingi yake kila mwaka inanunua vitu vichache kuliko mwaka uliopita akaamua sehemu ya akiba yake ikae huko miaka kumi, namuelewa kabisa. Na hiyo nidhamu ya kununua kila mwezi bila kuyumba, wengi hawana.

Ila rudia kusoma barua yako mwenyewe. Umeandika "alikua hajui" halafu ukapita haraka kama vile ni kitu kidogo. Novemba 2021 bitcoin moja ilikua karibu dola 69,000, mwaka mmoja baadae ilikua chini ya dola 17,000. Wewe kipindi chote hicho ulikua unalala kitanda kimoja na mwenzio, akiba yako inayeyuka, na usiniambie hukubadilika, hasira zilikuwepo, simu usiku ilikuwepo, na yeye alikua anakutazama tu anajiuliza kuna nini, labda una mtu nje, labda kazini kumeharibika, labda yeye ndo amekukosea. Umembebesha hasara yako bila kumwambia anabeba nini. Kwa hiyo leo anapokasirika usidhani anagombana na bitcoin. Hata angekua anazipenda kuliko wewe bado angekasirika.

Mama zetu pia walikua na akiba ya namna hiyo. Bangili za dhahabu, zinanunuliwa moja moja, zinafungwa kwenye kitambaa, hazivaliwi mpaka harusi, na mtu anakaa nazo miaka 20 haziuzi. Lakini binti mkubwa alikua anajua zipo na zimewekwa wapi, na siku mtoto anaumwa au ada imekwama, bangili moja inapelekwa kwa sonara bila kelele, zilizobaki zinarudi kwenye kitambaa. Wewe umechukua ile sehemu ya kutouza ukaacha hizo nyingine. Mtoto ana ada, we una akiba, na akiba hiyo umeifanya kama kitu cha ibada kisichoguswa. Kuuza kidogo ulipe ada hakukutoi kwenye imani yako mwanangu, hiyo ndo kazi ya akiba.

Sasa tuje kwenye huo urithi, maana hapa ndo nimeumia zaidi. Mungu apishe mbali, ukifariki kesho, hela iliyo benki mkeo atakwenda mahakamani, atateuliwa msimamizi wa mirathi, atachukua karatasi zake benki na atapewa, itachukua muda ila atapewa. Bitcoin iliyo kwenye woleti yako, yaani programu au kifaa unachotunzia funguo zake, haina dirisha la kupeleka hiyo karatasi. Bila yale maneno 12 au 24 ya siri yanayoifungua hata jaji hawezi kumsaidia. Kuna jamaa wa Newport kule Wales, diski yake yenye funguo za bitcoin kama 8,000 ilitupwa dampo 2013, kahangaika miaka, na Januari 2025 mahakama ikaitupa kesi yake. Yeye yuko hai na anajua ziko wapi! Mkeo hajui hata pa kuanzia. Na kama hujaziweka kwako, umeziacha kwenye kampuni fulani ya mtandaoni, basi ndo ujue FTX, kampuni kubwa ya namna hiyo, ilipoanguka Novemba 2022 watu waliamka hawawezi kutoa hata senti. Na hapa kwetu Benki Kuu ilishatangaza 2019 kwamba hizi sarafu haziruhusiwi, ingawa 2024 serikali ikaweka kodi ya asilimia 3 kwenye mauzo yake, kwa hiyo usitegemee mjane wako atapata pa kulalamika.

Mkopo usichukue. Hapo sina mjadala. Imani yako inasema subiri miaka kumi, mkopo unakatwa kila mwisho wa mwezi, na bei ikishuka kama 2022, mwenye deni anaweza kulazimika kuuza chini kabisa wakati asiye na deni anaweza kusubiri.

Wikiendi hii watoto wapeleke kwa bibi yao, kaa na mkeo, umuombe msamaha kwa kumficha, na msamaha huo usiweke "lakini" ndani yake. Mwambie unazo ngapi, uliingia kwa bei gani, 2022 ilikuaje. Usimhubirie mambo ya milioni 21, akitaka kujua atauliza. Halafu uzeni za kumalizia ada pamoja na matumizi ya nyumbani ya miezi kama sita mkaweke benki kwa shilingi, zinazobaki mkubaliane wote wawili zikae miaka mingapi, na kiwanja mkijadili upya mkiwa mnaona hesabu yote mezani. Yale maneno yaandikwe karatasi mbili zikae sehemu mbili tofauti, usipige picha, usitume WhatsApp, na mtu yeyote akipiga simu anayaulizia huyo ni mwizi. Kisha chukueni simu nyingine, mkeo mwenyewe afungue woleti kwa kutumia hiyo karatasi, we usiguse kitu, ukae pembeni tu mpaka aone salio kwa macho yake.

Akikubali au akikataa, niandikie.